Fomula ya Pearson na mkopo wa shangazi

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nimerudi na kisa chenye hesabu ndani yake. Wewe uliyekimbia hesabu tangu darasa la nane usiondoke, nitakwenda polepole.

Kisa chenyewe kinaanzia Buxton, hapa kisiwani Mombasa. Shangazi yangu aliishi miaka mingi katika zile nyumba za zamani za manispaa. Kila alfajiri alikuwa akipika mahamri na mbaazi, na saa mbili asubuhi sufuria zote tupu. Mwaka 2021 nyumba zile zilianza kubomolewa ili yajengwe maghorofa mapya. Shangazi akavuka daraja la Nyali akahamia Kisauni. Nyumba ya kwanza ilivuja, akahama. Ya pili kodi ilipanda, akahama tena. Biashara yake hakuiacha hata wiki moja.

Siku moja akataka mkopo mdogo kwa simu, anunue unga na jiko jipya. Akakataliwa. Akajaribu tena, akakataliwa. Basi akanipigia.

“Mwanangu, wewe si fundi wa kompyuta? Hebu niulizie hiyo simu. Imeniona na kosa gani?”

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Programu ya kukadiria wakopaji wa ile kampuni, ambayo sitaitaja jina, niliwahi kuifanyia kazi kwa miezi minne kama kibarua. Nakala ya maandishi yangu ya programu bado ninayo. Nikaifungua usiku ule ule, na jibu nikaliona. Miongoni mwa safu za data kulikuwa na moja inayoitwa “miezi katika makazi ya sasa”. Mstari mmoja wa msimbo uliilinganisha safu hiyo na safu ya wasiolipa madeni, ukaona zinakwenda pamoja: aliyehamahama hulipa vibaya. Safu ile niliiweka mimi. Mimi niliyezaliwa Buxton.

Mstari ule ulitumia fankisheni ya korelesheni, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja. Ukitumia maktaba ya pandas katika Python bila kutaja njia unayoitaka, utapewa ya Pearson. Ukitumia lugha ya R, ni Pearson pia. Mamilioni ya waandishi wa programu humwita huyu bwana kila siku bila kumjua.

Jumamosi huwa nafundisha vijana kompyuta hapa mtaani. Nikawasimulia kisa cha shangazi ili wajifunze kutahadhari na data. Binti mmoja, miaka 17 hivi, akanyoosha mkono. “Mwalimu, huyo Pearson ni nani?” Nikamwambia ni Mwingereza wa zamani, mtu wa takwimu. Hakutosheka. Jumamosi iliyofuata alikuja ameshasoma, na hakuwa na furaha. “Mwalimu, wajua mtu huyu alikuwa akifikiri nini juu ya watu kama sisi? Na sisi twatumia hesabu yake?”

Swali hilo limenikaa kooni tangu siku hiyo. Nimesoma, nimebishana na wenzangu penye kahawa chungu na kashata, na leo nataka kuwapa nilichokipata.

Kwanza, mtu mwenyewe. Karl Pearson alizaliwa London mwaka 1857, akafariki 1936. Mwaka 1896 alichapisha fomula ya korelesheni kwa namna tunayoitumia hadi leo. Mwaka 1900 akaleta kipimo kingine kiitwacho kai-mraba, ambacho kila mwanafunzi wa takwimu amekutana nacho. Mwaka 1901 alishiriki kuanzisha jarida la Biometrika, ambalo bado linatoka. Ukiondoa kazi yake, takwimu za kisasa zinabaki na pengo kubwa.

Lakini mtu huyo huyo alishika kuanzia 1911 kiti cha profesa wa yujeniksi katika chuo cha UCL, London. Yujeniksi ni fikra kwamba watu waboreshwe kizazi kama mfugaji anavyochagua ng'ombe wa kuzalisha na wa kuchinja. Kiti hicho kilitokana na fedha za wasia wa Francis Galton, mwalimu wake na mtu aliyebuni neno lenyewe mwaka 1883. Katika mhadhara wake juu ya maisha ya taifa, uliochapishwa mwanzoni mwa karne iliyopita, Pearson alitetea kwamba maendeleo huja kwa mataifa kushindana na jamii alizoziona duni kusukumwa pembeni. Mwaka 1925 yeye na mwenzake walichapisha utafiti wa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi jijini London. Wakapima miili, macho, usafi na akili, kisha wakahitimisha kwamba kwa wastani walikuwa duni kuliko wenyeji. Hesabu zote zilipangwa vizuri kwenye majedwali.

Mwaka 2020 chuo cha UCL kiliondoa majina ya Galton na Pearson kwenye kumbi na jengo lake. Je, na sisi tumwondoe kwenye programu zetu?

Hapa barazani tuligawanyika pande mbili. Mmoja akasema maji yaliyopita kwenye bomba chafu hayanyweki. Mwingine akasema mbili na mbili ni nne, hata akijumlisha mwizi. Mimi kama mwandishi wa programu nilielemea upande wa pili, lakini nikataka kuifungua fomula kwanza nione kilichomo ndani.

Fanya hivi. Chukua siku 10 za biashara ya shangazi. Kila siku andika namba mbili: mahamri aliyouza na vikombe vya mbaazi alivyouza. Tafuta wastani wa mahamri na wastani wa mbaazi. Kisha kwa kila siku tazama mahamri yalikuwa juu au chini ya wastani wake, na kwa kiasi gani. Fanya hivyo kwa mbaazi. Zidisha tofauti hizo mbili. Zikiwa zote juu au zote chini, jibu litakuwa chanya. Moja ikiwa juu na nyingine chini, jibu litakuwa hasi. Jumlisha majibu ya siku zote 10. Mwisho gawanya kwa kipimo cha mtawanyiko wa safu zote mbili, ili jibu lisipite 1 wala lisishuke chini ya −1. Basi, hiyo ndiyo korelesheni. Ikikaribia 1, mahamri na mbaazi vinatembea pamoja. Ikikaribia 0, hakuna mstari unaoviunganisha.

Nimeitazama sana. Hakuna hatua hata moja inayouliza rangi ya mtu. Shangazi akiifanya kwa kalamu jikoni atapata jibu lile lile alilopata Pearson ofisini.

Tena kuna jambo lililonishangaza. Hesabu za namna hii hazikuanzia kwa Galton na Pearson. Mwaka 1846 Mfaransa Auguste Bravais, mtu wa jeshi la majini na mtafiti wa fuwele, alichapisha kazi juu ya makosa ya kupima mahali ilipo nukta. Ndani yake mlikuwa na hesabu ambazo baadaye zilionekana kuwa msingi wa korelesheni. Bravais alikuwa akishughulika na vipimo vya mahali, hakuwa akiwapanga watu. Maisha mawili tofauti yalifika kwenye mlango mmoja. Hesabu ikiwa sahihi, yeyote anaweza kuifikia, mwema au mwovu.

Na wako waliojaribu kusema kinyume, kwamba damu ya mtu imo ndani ya hesabu zake. Tuwakumbuke ili tutahadhari. Novemba 1933, katika mji wa Göttingen, Ujerumani, wanafunzi walisusia somo la Edmund Landau kwa sababu alikuwa Myahudi. Kiongozi wao alikuwa Oswald Teichmüller, kijana hodari wa hesabu na mfuasi wa Hitler. Mwaka uliofuata profesa wa Berlin, Ludwig Bieberbach, akatoa nadharia kwamba kuna hesabu ya Kijerumani na hesabu ya Kiyahudi, na kwamba Mjerumani hawezi kufundishwa na asiye wa damu yake. Mwingereza G. H. Hardy alimjibu mwaka huo huo katika jarida la Nature, akiisikitikia hoja hiyo. Leo kazi za Landau zinasomwa duniani kote. Na hesabu za Teichmüller pia zinasomwa, ingawa siasa zake zilikuwa uovu mtupu. Kwa hiyo ukisema hesabu ya Pearson haifai kwa sababu ya moyo wake, jihadhari usije ukajikuta umekaa benchi moja na Bieberbach.

Hapo nilidhani nimemaliza. Nikasema Jumamosi nitamwambia yule binti, mtu ni mtu na fomula ni fomula, tuendelee na somo. Kisha nikakutana na habari za Nairobi.

Mwaka 1933 walowezi na madaktari wa Kizungu walianzisha mjini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa kizazi. Kinara wao alikuwa daktari H. L. Gordon, aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Gordon alipima vichwa vya Waafrika. Mwenzake F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali, alipima bongo za maiti za Waafrika, na mwaka 1934 akachapisha makala katika jarida la anatomia la Uingereza juu ya ubongo wa “mwenyeji wa Kenya”. Madai yao yalikuwa kwamba ubongo wa Mwafrika ni mwepesi kuliko wa Mzungu, na kwamba kwa hiyo akili yake ina kikomo. Hitimisho likafuata lenyewe: ya nini kumpa elimu ya Kizungu? Waliomba serikali ya London igharimie utafiti mkubwa zaidi, wakakataliwa. Lakini magazeti yaliandika, wakubwa wakajadili, na babu zetu ndio waliokuwa wakijadiliwa.

Sasa tazama kwa jicho la mtu wa data. Bongo zile zilikuwa za watu gani? Za waliokufa. Walikufa kwa nini, walikula nini utotoni, miili yao ilikuwa mikubwa kiasi gani? Wakalinganishwa na nani? Na takwimu za Wazungu zilizokusanywa mahali pengine, na watu wengine. Na juu ya yote, ni nani aliyethibitisha kwamba gramu za ubongo ndizo gramu za akili? Mzani haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika swali, na katika kuchagua nani apimwe na nani aachwe.

Jambo la kuumiza zaidi ni kwamba jibu lilikuwa limeshapatikana zaidi ya miaka 30 kabla, London kwenyewe, kwa hesabu ile ile ya Pearson.

Aliyelipata ni mwanamke, Alice Lee, aliyezaliwa 1858. Alisoma Bedford College, chuo cha wanawake, wakati ambapo wanaume wasomi walikuwa wakisema kichwa cha mwanamke ni kidogo kwa hiyo akili yake ni ndogo. Alifanya kazi katika maabara ya Pearson, na huko akajifunza korelesheni. Mwaka 1898 waanatomia walikutana Dublin. Alice Lee akapata vipimo vya vichwa vyao, wale wale mabingwa wa mambo ya mafuvu. Akaongeza wanafunzi wa kike wa Bedford na walimu wa kiume wa University College. Akatengeneza fomula ya kukadiria nafasi ya ndani ya fuvu kwa mtu aliye hai, akawapanga wote kwenye orodha kwa ukubwa.

Orodha ile ilikuwa fedheha. Wanaume mashuhuri walikutwa mkiani, na baadhi ya wanafunzi wa kike walikuwa na mafuvu makubwa kuwashinda. Lee akahitimisha kwamba ukubwa wa fuvu hausemi lolote la maana juu ya akili ya mtu. Watahini walisumbuka kumpa shahada ya udaktari, na Galton alikuwa mmoja wao. Aliyesimama upande wake alikuwa Pearson. Mwisho wakampa, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1901.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo. Fomula moja, maabara moja. Mwanamume aliitumia kuwapanga watoto wa wahamiaji kwa ubora. Mwanamke aliishika hiyo hiyo akawauliza wakubwa swali ambalo wao wenyewe wasingejiuliza, kwa sababu halikuwauma. Yeye lilimuuma. Maisha yake hayakubadilisha kuzidisha wala kugawanya. Yalibadilisha ni vichwa vya nani vipimwe.

Mfano mwingine uko karibu nasi, nchini Uganda. Profesa Livingstone Luboobi alizaliwa mwaka 1944 upande wa kusini, sehemu zilizokuja kuwa wilaya ya Rakai. Alisoma hesabu, na mwaka 1980 akapata udaktari Australia katika hesabu za viumbe. Mwaka 1982 watu wa kijiji cha wavuvi cha Kasensero, huko huko Rakai, walikuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa waliouita Silimu. Ndio huu UKIMWI. Katika miaka ya 1990 Luboobi alichapisha modeli za kihesabu za kuenea kwake, ikiwemo moja inayowagawa watu katika makundi matatu ya umri na kuangalia hatua za tiba na za jamii zingebadilisha nini. Baadaye akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, kuanzia 2004 hadi 2009.

Mlinganyo wa Luboobi ungeweza kuandikwa na mtu wa Oslo ambaye hajawahi kuliona Ziwa Viktoria. Lakini ni nani aliye na sababu ya kuuandika? Sisemi alikaa akalia kisha akaandika hesabu, moyo wake siujui. Nasema tu kwamba mtu hutazama moshi unaotoka kwao kabla ya kutazama moshi wa ng'ambo.

Basi msimamo wangu ni huu, na ukiniona nimekosea unisahihishe. Ukitaka kujua kama hesabu ni kweli, usiulize maisha ya aliyeiandika. Fuata hatua zake moja moja, zikisimama zimesimama. Lakini ukitaka kujua kwa nini hesabu hii ilitafutwa na nyingine haikutafutwa, kwa nini watu hawa walipimwa na wale wakaachwa, hapo huwezi kukwepa maisha ya mtu. Yamo katika swali, katika safu za data, na katika kile alichokiita “kawaida”.

Ndipo narudi kwa shangazi. Korelesheni niliyoipata ilikuwa sahihi. Katika data ile, waliohama karibuni walilipa vibaya zaidi. Sikukosea kuzidisha. Lakini mstari ule haukuweza kutofautisha mtu anayekimbia deni na mtu aliyebomolewa nyumba. Zote mbili zilikuwa “miezi 3”. Mtu aliyekulia Buxton angeweza kuuliza, huyu amehama kwa nini? Nami nilikulia Buxton, na sikuuliza. Nilikuwa na tarehe ya mwisho na hela ya kulipwa.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko habari zote za Pearson. Ni rahisi kumnyooshea kidole mtu aliyekufa 1936. Maisha yangu yalikuwa na swali ambalo hesabu yangu ililihitaji, nami nikaliacha nyumbani siku ya kazi.

Jumamosi nilimwambia yule binti yote haya, pamoja na kosa langu. Akauliza kama tutaendelea kutumia fankisheni ya Pearson. Nikasema ndiyo, ila kwa sharti. Kabla ya kuandika mstari ule, kila mwanafunzi ataandika juu ya ukurasa maswali matatu. Watu hawa walipatikanaje? Nani hayumo? Namba hii ikitumika, nani ataumia? Akasema, “Basi na jina la Alice Lee liandikwe juu.” Limeandikwa kwa chaki, na kila likifutika analiandika tena.

Kampuni ile nimewaandikia, nimewaeleza lile shimo na namna ya kuliziba. Bado hawajanijibu.

Shangazi naye alinunua jiko lake. Zamu yake ilifika katika mchezo wa kina mama, wale wa zamani wa Buxton waliotawanyika Kisauni, Likoni na Changamwe lakini bado wanachanga kila Ijumaa. Nilipompelekea maelezo yangu marefu juu ya safu na wastani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Kwa hiyo ni wewe.” Nikasema, “Ndiyo shangazi, ni mimi.” Akanipa mahamri mawili, akanambia niende nikarekebishe.